Mashini Iliyovuka Ziwa

Kila mwisho wa mwaka kikundi kimoja huombwa kueleza kazi yake, na mara hii zamu imetufikia sisi wa kushona. Tulidhani tutaleta hesabu tu: nguo ngapi, napero ngapi, layeti ngapi za watoto wachanga. Lakini tulipokaa kuukumbuka mwaka, kila mmoja wetu alikuwa akitaja mahali. Baraza. Soko. Njia ya kuteremkia ziwani. Ile boti. Basi tufuatane mpaka huko.

Kazi yetu inaanzia barazani, huku juu Kadutu. Mnaojua Kadutu mnajua nyumba zilivyopandana mlimani, paa la jirani wa chini likiwa sawa na miguu ya jirani wa juu. Tuko wamama 12 na mashini nne, zote za miguu, kwa hiyo umeme ukikatika kazi haisimami. Kinachotusumbua ni giza na mvua. Kuanzia Septemba hadi Mei, wingu likitokea upande wa Kabare, wa kwanza kuliona anapiga kelele "Vitambaa!" na kila mtu anakumbatia kilicho chake na kukimbilia ndani. Tumefunga shitingi juu, lakini maji ya mlima huja pia kwa chini, yakiburuta udongo mwekundu, na shati jeupe likiguswa na udongo ule halirudi kuwa jeupe kamwe.

Mwezi wa Machi ndio ulitufungua macho. Ninyi wenyewe mnajua tarehe 8 Machi ilivyo: kila kikundi kinataka kitenge chake, na kila mama anakileta tarehe 5. Kipande kizima ni yadi 6. Ukikigawa mara tatu unapata libaya moja na vikwembe viwili, kama mwenye nguo si mnene sana na kama mkataji hana haraka. Sisi tulikuwa na haraka. Kitenge kimoja kilikuwa na picha za ndege, na mwenzetu mmoja, akikata usiku kwa mwanga wa tochi, akaweka mgongo wa libaya kichwa chini. Mwenye nguo alitembea siku ya sherehe ndege za mbele zikiruka na za nyuma zikianguka. Alicheka yeye wa kwanza, Mungu ambariki, lakini pesa ya kushona hakutoa, na hatukuthubutu kuidai.

Chini ya baraza letu kuna soko la Kadutu, na huko tumeshuka mara nyingi kuliko tunavyoenda kanisani. Mwuzaji atakuapia kwamba rangi ya kitenge chake haitoki. Wewe lowesha kidole mate, sugua pembeni, tazama kidole. Tukifika nyumbani tunaloweka kitambaa kizima katika maji usiku mmoja kabla ya kukata, ili kipungue mikononi mwetu, kisipungue mwilini mwa mteja. Tunapita pia kwenye nguo za balo. Wengi wanasema nguo hizo ndizo zinaua mashini za nchi, na sisi wenyewe tumelalamika. Lakini tuseme ukweli: shati la balo lililochanika mgongo lina butoni saba nzuri, suruali mbovu ina feremetire nzima, na shuka la flaneli la wazungu linatoa vitambaa vya hedhi vya kufua vya kutosha wasichana watatu. Vitambaa hivyo ndivyo tulivyoshona kwa wingi kuliko kitu kingine mwaka huu, ingawa havionekani kwenye sherehe yoyote. Flaneli mara nne katikati, pamba laini upande wa mwili, kifungo chini ili kisitembee. Msichana wa kidato cha pili alituambia zamani alikuwa akikosa masomo siku tatu kila mwezi.

Tumefika sasa mwezi wa Mei, na hapa tunaandika polepole.

Mwenzetu mmoja, mama wa mapasa, alifiwa na mume. Kikundi chetu ni MUSO, na kama MUSO zote tuna visanduku vyetu. Kisanduku chekundu kilitoa mchango wa kilio, tukapika, tukalala kwake siku zote za msiba. Kilio kikaisha. Jumamosi iliyofuata wakaja ndugu wa mume wakiwa na kijana wa kubeba, wakaomba mashini. Hawakuja na fujo. Walikuja na faktire.

Mashini ile mama wa mapasa aliinunua kwa pesa ya likelemba yake, zamu yake ilipofika. Sisi sote tulikuwepo, tulimhesabia noti mkononi. Lakini siku ya kununua alimtuma mume dukani, kwa sababu wauzaji huwasikiliza zaidi wanaume, na muuza duka akaandika jina la aliyesimama mbele yake. Tulishuhudia kwa mdomo, wao wakatuonyesha karatasi. Tulikwenda mara mbili kwa shefu wa avenyu. Mara ya pili alituambia mambo ya familia yamalizwe na familia. Mashini ikateremka mlima mchana kweupe, kichwa kikiwa kimefunikwa kwa kile kitambaa cha kroshe alichokisuka mwenyewe.

Baadaye tuliambiwa na mama mmoja anayejua sheria kwamba Kodi ya Familia ya nchi yetu, ile ya tarehe 1 Agosti 1987, inaweka watoto wa marehemu mbele ya ndugu zake katika kurithi, na kwamba tangu irekebishwe mwaka 2016 mke hahitaji tena ruhusa ya mume ili kununua au kutia sahihi kwa jina lake. Tulisikiliza vizuri. Lakini mama wa mapasa alikuwa ameshaondoka na watoto wake wanne kurudi kwa mama yake, kisiwani Idjwi.

Miezi ya kiangazi tulishona kiti kimoja kikiwa kitupu. Juni usiku wa Bukavu una baridi ya kuuma, basi tulifuma sufu: kofia, soksi, vijikoti vya watoto. Julai zikaja inifomu. Masomo mawili yalituagiza inifomu 84, sketi na suruali za bulu na mashati meupe, na tulizimaliza kwa wiki sita. Tulijisifu mapema. Kufika Oktoba mama mmoja akaja na binti yake, sketi ikiwa juu ya goti, akaomba tuiteremshe. Tuliigeuza: pindo lilikuwa la sentimita 2. Hapakuwa na cha kuteremsha. Tulitaka kubana kitambaa, tukasahau kwamba mtoto hakui kwa ruhusa ya fundi. Wakaja na wengine. Tulishona mikanda ya chini kwa vipande vilivyobaki, bure, na tangu siku hiyo pindo letu ni sentimita 6.

Faida ya inifomu ilikuwa dola 252. Tukigawa kwa watu 12, kila mmoja dola 21. Wakati ule ule likaja neno la mashini ya miguu iliyotumika, nzima kabisa, kwa dola 95. Mmoja wetu akasema: tumnunulie mama wa mapasa. Tusiwadanganye, tulibishana jioni mbili. Masomo ya msingi ni bure tangu 2019, lakini ya sekondari si bure, na waliokuwa na watoto huko walisema dola 21 zao zina jina tayari. Mwingine akauliza kwa nini tumpe mtu aliyehama. Mwingine akajibu kwamba hakuhama, alihamishwa. Mwishoni tukakubaliana iwe deni, si zawadi: atalipa dola 5 kila mwezi, anaposhindwa atatuma neno. Tuligawana dola 13 kila mmoja. Na safari hii tulikwenda dukani wanne, tukasimama mpaka muuza duka akaandika faktire kwa jina lake yeye, majina yote matatu, na muhuri juu.

Novemba tukaivukisha.

Kichwa cha mashini tulikifunga katika blanketi. Meza na miguu ya chuma ilikuwa mzigo wa mtu, na njia ya kuteremka kwenda ziwani ilikuwa utelezi. Tulimwita mama mmoja wa wale wanaobeba kwa mkanda kwenye paji la uso. Akasema franga 5,000. Sisi, bila kufikiri, tukasema 3,000. Akatutazama, akaitazama meza, akasema, "Wamama, ninyi mnashona kwa bei mliyopangiwa na nani?" Hatukuwa na jibu. Tulimlipa 5,000 zake, na njia nzima tulitembea nyuma yake bila maneno mengi.

Boti za mbao huondoka zikijaa, si kwa saa. Ilituchukua asubuhi yote. Bukavu ukiitazama kutoka majini ni kitu kingine: zile rasi tano zinanyoosha vidole ziwani, na Kadutu inaonekana nyuma kama ngazi ya mabati. Wavuvi wa sambaza walikuwa wakirudi na mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu, taa za usiku zimezimwa. Kushoto milima ya Kongo, kulia ya Rwanda, mbele Idjwi, ndefu, ya kijani, isiyokwisha. Mvua ilitukuta katikati. Mmoja wetu alikipakata kichwa cha mashini mapajani kama mtoto mgonjwa, akavua kikwembe chake cha juu akakifunika, yeye akaloa.

Tulishukia upande wa kusini, katika chefferie ya Ntambuka, tukapanda kati ya mashamba ya mananasi na kahawa huku vijana wawili wakitubebea meza. Mama wa mapasa alikuwa uani na mama yake, wakisuka mkeka. Hakulia. Alikuja akafungua blanketi, akazungusha gurudumu kwa mkono, akasikiliza, akasema, "Inahitaji mafuta." Halafu tukagundua kwamba mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu tumeuacha Kadutu, umening'inia kwenye msumari. Wamama 12, mmoja hakukumbuka. Yeye akamtuma mtoto kwa kijana wa moto, akaletewa mpira wa ndani wa gurudumu uliokufa, akaukata mkanda mwembamba kwa mkasi, akaufunga fundo dogo. Mashini ikatembea. Kila fundo lilipopita lilisema "tak", na mapasa wakacheka kila mara.

Siku ile na kesho yake mama yake alitufundisha kuanza kitunga. Vidole vyetu vinajua shindano, havijui majani; kitunga chetu cha kwanza kililala upande kama mlevi. Tulimwuliza mkeka wake anauuzaje. Akasema, "Watoto wangu, huu ni wa masoko mawili." Hatukuelewa. Akaeleza: tangu alipoanza kuusuka, siku ya soko imepita mara mbili, kwa hiyo bei yake lazima imlishe masoko mawili, ndipo aongeze majani. Basi tukakumbuka swali la mbebaji. Tulikaa chini ya paa lake tukahesabu inifomu yetu: tunaiuza dola 12, kitambaa, uzi, butoni na feremetire ni 9, zinabaki 3 kwa siku moja na nusu ya kukanyaga. Dola 2 kwa siku. Mwaka mzima tulikuwa tumeandika daftarini kila yadi na kila butoni, na hakuna ukurasa hata mmoja ulioandikwa masaa yetu.

Kuanzia Januari inifomu itakuwa dola 14. Tunajua wengine watatukimbia, na mmoja wa wateja wetu wakubwa ameshanuna. Tutaona Agosti.

Tulirudi na vitunga sita na mikeka mitatu, tukaviuza vyote mwezi ule ule kwa bei aliyoipanga mama mzee, tukamtumia pesa yake. Wale kati yetu walio na mashini nyumbani wametafuta faktire zao. Mbili zilikuwa na majina ya waume, na mume mmoja, tunamshukuru, alikwenda dukani mwenyewe kuomba ibadilishwe. Ya pili bado tunaizungumza.

Wiki iliyopita boti ilileta bahasha ya kitambaa iliyoshonwa pande zote nne. Ndani mlikuwa na dola 5 na kikaratasi. Mama wa mapasa ameagizwa mashati na masomo ya huko, na mkanda wa ngozi hautaki tena, amezoea ule wa mpira. Anaomba shindano namba 16, pakiti mbili, na uzi mweupe. Vitu vimeshanunuliwa. Mama atakayevuka kwenda Idjwi wiki hii apite barazani kuvichukua, kabla ya Ijumaa.