Gitaa la Bei Nafuu: Ujerumani Unalirudisha, Kariakoo Unalikagua

Anayepiga muziki na kuishi Ulaya anaujua ujumbe huu wa WhatsApp: “Kaka, ukija Desemba niletee gitaa la umeme. Liwe zuri, ila lisiwe la bei mbaya.” Unaonekana mwepesi mpaka ukae chini kuujibu. Zuri kwa kupiga nini? Na bei mbaya ni ya kulinunua au ya kulitunza? Ujerumani ninakoishi kuna namna ya kujibu, na Dar es Salaam nilikokulia kuna namna yake. Magitaa yenyewe ni yale yale: mengi ya bei nafuu hutoka viwanda vya China na Indonesia, kisha yanapigwa chapa za Squier, Epiphone, Cort na nyinginezo. Kinachotofautiana ni nani anabeba hasara likiwa bovu, na hicho ndicho kinachoamua watu wanaangalia nini kabla ya kutoa pesa.

Huku Ujerumani hasara anaibeba muuza duka. Mfano unaojulikana na wapiga gitaa wa Ujerumani ni Thomann, duka lililoanzishwa mwaka 1954 katika kijiji cha Treppendorf, si mbali na Bamberg, na ambalo leo ni miongoni mwa maduka makubwa kabisa ya vyombo vya muziki Ulaya. Lina chapa yake, Harley Benton, ambayo magitaa yake ya chini yanaanzia karibu na euro 100. Ukiagiza una siku 30 za kulijaribu nyumbani na kulirudisha ukapewa pesa zako, pamoja na dhamana ya miaka 3. Basi mnunuzi hana haja ya kulishika gitaa kabla ya kulipa. Anasoma sifa zake kwenye skrini, anatazama video mbili tatu, analipa, na ukaguzi anaufanyia sebuleni kwake. Freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, ikimchoma kidole, anabandika lebo kwenye boksi na gitaa linarudi lilikotoka.

Utaratibu huo una raha yake, ila umewazoesha watu kulipima gitaa kwa karatasi. Ubishi mkubwa ni wa mbao. Mwaka 2017 mkataba wa CITES, unaolinda mimea na wanyama walio hatarini, ulipobana biashara ya jamii nzima ya Dalbergia, ambamo rosewood imo na mpingo wetu nao umo, viwanda vingi viliacha rosewood kwenye ubao wa vidole na kutafuta mbao nyingine. Masharti yalilegezwa mwaka 2019 kwa vyombo vilivyokwisha kutengenezwa, lakini hadi leo wapo wanaoona gitaa lenye mbao mbadala limepunjwa. Kwa gitaa la umeme la euro 150, tofauti hiyo unaisikia kwa shida. Freti moja iliyopanda kuliko wenzake unaisikia ukiwa mlangoni.

Dar es Salaam, sokoni Kariakoo, risiti inakuambia mapema: mali ikishauzwa hairudishwi. Hasara ni yako tangu noti zinapokutoka mkononi, kwa hiyo ukaguzi wote unafanyika mbele ya muuzaji. Ndiyo maana mtu haendi peke yake. Anamchukua mpiga solo anayemfahamu, anamlipia nauli na soda, na neno la mwisho ni la huyo.

Mtazame anavyofanya. Chata haliangalii kwanza. Analinyanyua gitaa usawa wa uso, anafumba jicho moja na kuifuata shingo hadi kichwani, akitafuta ilipopinda. Anaubana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha anachungulia kwenye freti ya saba: kati ya uzi na chuma kuwe na upenyo wa kupitisha karatasi ngumu, usizidi hapo. Uzi ukilala kabisa juu ya freti, au upenyo ukatosha kupitisha sarafu, chuma kilichomo ndani ya shingo kinahitaji kulegezwa au kukazwa. Anaomba spana ya L palepale aone kama bado kinazunguka. Kikigoma, anashukuru na kulirudisha gitaa ukutani. Kikikubali, anapiga freti moja moja, uzi kwa uzi, bila amplifaya, masikio yakiwinda noti inayozizima kwa sababu uzi unagusa chuma cha mbele yake. Mwisho analichomeka, anazungusha vitufe kusikia kama vinakwaruza, na anautikisa waya kwenye jeki.

Kisha unakuja mtihani ambao video nyingi za huku hazina. Wapimaji wa Ulaya hupenda kuwasha mkwaruzo wa roki na kukung'uta nyuzi nene karibu na kichwa cha gitaa, na mkwaruzo huo unafunika mengi. Dansi, rumba na benga havina pa kujificha. Sauti ni safi, solo hupanda hadi juu ya freti ya 12, na mara nyingi nyuzi mbili zinapigwa pamoja. Gitaa lililotulia huku chini lakini linalopotoka sauti huko juu litakuaibisha kwenye sebene, ambako kifungu kimoja kinarudiwa mpaka wachezaji waloe jasho na kila sikio lililopo ukumbini liwe limekikariri.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubana, upige, utoe ule mlio mwembamba. Halafu ubane hapo hapo na upige tena. Sauti ziwe moja. Zikipishana kidogo, vikalio vya nyuzi kwenye daraja vinasogezwa kwa bisibisi na mambo yanakuwa sawa. Zikipishana ilhali vikalio vimekwisha kufika ukingoni, huenda daraja limefungwa mahali pasipo pake, na kulirekebisha kutakula akiba yote uliyoifanya kwenye bei. Ndivyo gitaa lililopewa nyota tano huku linavyoweza kufeli kwetu bila mtu yeyote kudanganya. Limepimwa kwa muziki mwingine.

Ukali huo wa sikio una historia. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi kabla ya kuchukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na mpigaji alikabidhiwa gitaa kama dereva anavyokabidhiwa gari la ofisi. Hakuchagua chapa. Alijifunza kasoro za lile alilopewa na namna ya kuzikwepa jukwaani. Mpaka leo wapo wapigaji hodari wasiomiliki gitaa, na bendi mpya ikitajwa, watu huuliza kwanza kama ina vyombo.

Hewa nayo ina neno lake. Januari huku vyumba vinapashwa moto mpaka hewa inakauka, na shingo ya mbao inasinyaa kidogo. Freti za chuma hazisinyai, kwa hiyo ncha zake zinachomoza pembeni na kukukwaruza kiganja. Lipeleke gitaa hilo hilo Tanga au Mombasa na ncha zitatulia, ila hewa ya chumvi itaanza kula nyuzi, vikalio na skrubu. Mkaguzi wa Nuremberg ana haki ya kupitisha kidole ukingoni mwa shingo kabla ya yote. Wa pwani aanze na daraja: chuma chake ni kizito na kimepakwa vizuri, au ni cha kung'aa juu juu tu?

Hata fundi anabadilisha hesabu. Ujerumani, kumpa fundi gitaa alinyooshe shingo, freti na daraja kunaweza kula nusu ya bei ya gitaa lenyewe, ndiyo maana wenye magitaa rahisi hununua bisibisi na kujifunza wenyewe. Dar es Salaam, fundi redio wa mtaani anakulehemia jeki iliyochomoka huku unasubiri, kwa hela ndogo tu. Tatizo lake ni vipuri. Gitaa la kupeleka nyumbani basi liwe jepesi kufunguka: shingo iliyofungwa kwa skrubu nne kama ya Stratocaster, daraja lililokaa imara, pikapu za kawaida zisizotaka betri. Daraja la kuelea wanalopenda wapiga metali liache huku. Uzi mmoja ukikatika, zilizobaki zote zinatoka kwenye tyuni katikati ya wimbo, na kulirudisha sawa ni kazi ya subira ambayo ukumbi uliojaa hauna.

Kwa hiyo ndugu akikuomba gitaa, muulize kwanza anapiga nini na anaishi wapi, halafu igawe bajeti. Ukiwa na euro 300, usizimalize kwenye chapa. Tafuta gitaa la euro 180 hivi lililofaulu mtihani wa freti ya 12, ongeza seti kadhaa za nyuzi, spana ya L inayoingia kwenye shingo yake, jeki ya akiba na mfuko mnene, na kinachobaki kiwe cha fundi. Lijaribu huku huku, kwa sauti safi, huko juu, kabla siku zako 30 hazijaisha, maana haki ya kurudisha haipandi ndege.

Ila kama ameshaliona la kwake Kariakoo, mtumie pesa kwenye simu, na nauli ya mpiga solo wa kwenda naye uiweke humo humo. Gitaa alilolishika kwa mkono wake, lililofaulu kwa muziki anaoupiga na lenye fundi mtaa wa pili, lina nafasi kubwa ya kudumu kuliko ulilomchagulia wewe kwa picha. Na utakuwa umeepuka gharama za mzigo, na pengine ushuru wa forodha na VAT ya Tanzania ya asilimia 18, pesa ambazo huenda zingetosha kumnunulia nyuzi za muda mrefu.