Shingo ya Leeds, sebule ya Mpemba

Mdogo wangu anajenga Mpemba, upande wa njia panda ya kwenda Isongole. Wiki iliyopita alinitumia picha WhatsApp, saa sita usiku kwa saa za kwao. Ilikuwa sebule ya mtu huko Marekani: ukuta wa mawe, meko ndani ya ukuta, moto unawaka, na juu ya moto TV pana kama mlango uliolazwa. Chini akaandika: "Kaka, hii ndiyo naitaka. Fundi anataka jibu kabla hajapiga lipu."

Nikacheka, halafu nikajipapasa shingo.

Mimi naishi Leeds, katika zile nyumba za tofali nyekundu zilizoungana ukuta kwa ukuta, zilizojengwa enzi za Malkia Victoria. Ni nyumba zilizotengenezwa kwa ajili ya makaa ya mawe. Chumba cha kukaa kina meko yake, na dohani inatokeza chumbani kama kifua cha mtu aliyevuta pumzi akaizuia. Wenyewe nao huiita hivyohivyo, kifua cha dohani. Zamani viti vyote viliuelekea moto kwa sababu joto lilikuwa hapo tu, penginepo baridi. Desemba 1952 moshi uliotanda London kwa siku tano uliua maelfu ya watu. Mwaka 1956 ikapitishwa sheria ya hewa safi, makaa yakaanza kuondoka taratibu, gesi na redieta zikaingia. Leo meko mengi yamezibwa. Kifua kimebaki palepale katikati ya ukuta, viti navyo vimebaki vikikitazama. Runinga ilipofika ikakuta ukuta wake umeshikwa na mwenyeji, ndipo watu wakaitundika juu ya mwenyeji.

Nami nikatundika yangu, inchi 55. Nilitoboa ukuta mwenyewe kwa drili ya kuazima. Lipu ya zamani ya chokaa ikamomonyoka kama mkate mkavu, tundu la kwanza likawa pana la kuingia kidole gumba, na vumbi jeusi la masizi likanitiririkia mkononi. Ningeita fundi, lakini ubishi. Rafu ya juu ya meko ipo sentimita 130 kutoka sakafuni, na TV yenyewe ina kimo cha karibu sentimita 70. Piga hesabu: katikati ya kioo kulikuwa juu ya sentimita 165, wakati jicho la mtu aliyekaa kwenye kochi liko kwenye 105 hivi. Msimu mzima nilitazama mpira kama mtoto anayekagua embe mtini. Kufika Februari nilikuwa nalalia mto mwembamba na kugeuka mwili mzima nikiitwa.

Kisha joto. Chini ya TV kulikuwa na hita ya gesi iliyochomekwa kwenye meko ya zamani. Jioni moja nikabandika kipimajoto ukutani, pale ukingo wa chini wa TV ulipo, nikawasha hita saa nzima. Kikasoma nyuzi 43. Kijitabu cha TV kilitaja 40 kuwa mwisho wake. Joto hupanda, hilo hata kuku wanaolala darini wanalijua, ila mimi nilihitaji kipimajoto.

Kwetu moto na runinga havijawahi kugombea ukuta. Moto upo jikoni, na jiko lina nyumba yake nje, lenye mafiga na kuni, moshi ukitokea chini ya bati. Runinga nayo ilichelewa: Zanzibar walikuwa na ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, sisi wa Bara tukasubiri hadi 1994 vituo binafsi vilipoanza kurusha. Hapo nyumbani ya kwanza ilikuwa ya chogo, na Baba aliipandisha juu ya kabati la vyombo, ikiwa na kitambaa cha kufuma kichwani, ikawa inatutazama kutoka juu kama mwenyekiti wa kijiji.

Kwa miaka mingi niliamini Baba alikosea kuiweka juu vile, na nilipoanza kuugua shingo nikasema kumbe ni ugonjwa wa kurithi. Halafu nikakumbuka nani walikuwa wanaitazama. Sisi watoto tulikaa kwenye mkeka, wakubwa kwenye makochi, majirani kwenye mabenchi yaliyotolewa nje, vijana wamesimama mlangoni, na madirishani kumejaa vichwa. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilikuwa na watazamaji wa kutosha kuunda kamati. Ingewekwa usawa wa jicho la Baba, wa nyuma wangeona visogo vyetu tu. Nenda kibanda umiza chochote pale Tunduma, utaikuta TV imening'inia karibu na dari kwa sababu hiyohiyo. Kule juu kuna maana yake. Juu ya meko yangu ya Leeds, ambako tunatazama wawili na mmoja huwa amesinzia, hapakuwa na maana yoyote.

Kwa hiyo nilimpigia mdogo wangu. Kwanza nikamuuliza, moto wa nini? Akanikumbusha Julai. Kweli nilikuwa nimeshasahau baridi ya Mpemba, ule upepo unaokupiga asubuhi ukiwa barabara kuu, madereva wa malori kwenye foleni ya mpakani wakiwa wamejifunika mablanketi hadi puani. Baridi hiyo ikizidi, Mama huingiza jiko la mkaa sebuleni, na mahali anapoliweka, nimeambiwa, ni chini ya TV, "ili tuote huku tunaangalia." Madirisha yamefungwa.

Hapo sikucheka. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu huanza kwa kuumwa kichwa na kusinzia, akadhani ni uchovu. Huku England, tangu Oktoba 2022, mwenye nyumba ya kupangisha analazimika kuweka king'ora cha hewa hiyo katika kila chumba chenye kifaa cha kudumu cha kuchoma gesi, kuni au makaa, ukiacha majiko ya kupikia ya gesi. Chetu kiko darini, kidogo kama kisahani, na kimewahi kuniamsha saa tisa usiku kudai betri.

Basi nikamwambia: dohani jenga, tena jenga ya kweli, ya tofali za kuchoma, itokeze juu ya paa, na mtafute fundi aliyewahi kujenga moja ikavuta moshi. Hawajaisha, nyumba za misheni na za mashamba ya chai huko Tukuyu na Mufindi zina dohani za siku nyingi. Mama apate pa kuotea. Ila TV iondoke hapo, iende ukuta wa pembeni, mbali na moto na mbali na mwanga wa dirisha. Na ule urembo wa jipsamu wenye taa za bluu aliopanga kuuzungushia meko, aupeleke huko huko kwenye TV, maana fundi jipsamu ameshalipwa nusu.

Kuhusu kimo nikampa kanuni niliyoinunua kwa shingo yangu: kaa kwenye kochi, fundi apime kutoka sakafuni hadi jichoni, hapo ndipo katikati ya kioo.

Jibu lilikuja asubuhi. "Tumepima, sentimita 104. Lakini kaka, siku ya Simba na Yanga tutakuwa watu ishirini humu ndani."

Nimemwambia fundi wa umeme aweke soketi mbili, moja chini na moja juu.