Kilo 108 juu ya farasi wa Lesotho? Thubutu!

Kama hujawahi kuambiwa ukweli kuhusu kitambi chako, nenda Lesotho. Huku kwetu shemeji zako wanakusifu eti umenawiri, fundi cherehani anaongeza kitambaa kimyakimya. Msotho mwenye farasi wake hana haya hiyo. Anakutazama kuanzia kiatu hadi kofia, anamtazama mnyama, kisha anatoa hukumu.

Mimi hukumu yangu niliipatia Semonkong, kijiji kilichoko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kama kilomita 120 kutoka Maseru. Watu huenda kule kuangalia maporomoko ya Maletsunyane, maji yanayoanguka mita 192 kwa mruko mmoja. Kwa miguu unafika ukingoni, lakini raha ya kule, jamani, ni farasi.

Sasa farasi wa Kisotho usimfikirie yule wa sinema za kauboi. Ni mdogo. Mabegani ana kama sentimita 140, mtu mzima unamtazama mgongo wote kwa juu. Asili yake ni farasi ambao Wadachi walianza kuwaleta Rasi ya Tumaini Jema kutoka Java mwaka 1653. Wakachanganyika wee, hadi karne ya 19 Wasotho wa Mfalme Moshoeshoe walipowapata na kupanda nao milimani. Baridi, mawe na nyasi haba vikamfinyanga: mfupi, kwato ngumu, pumzi haikatiki. Katika Vita vya Makaburu, 1899 hadi 1902, Waingereza waliwanunua kwa maelfu. Sifa hizo ndizo zinazomponza. Mgeni akisikia "ana nguvu" anadhani ni lori.

Tulikuwa wanne, na mmoja wetu ni bonge hasa, mtu wa kicheko kikubwa na pochi nene. Mwongozaji, mzee wa makamo aliyejifunga blanketi lake begani, alitupeleka kwenye mizani ya kupimia sufu. Mimi kilo 68. Bonge letu, kilo 108.

"Ntate, wewe utatembea," mzee akamwambia kwa upole. (Ntate ni baba, ndivyo Wasotho wanavyomheshimu mwanamume.)

Jamaa akacheka, akidhani utani. Alipoona mzee anafunga tandiko la mwingine, akatoa noti. "Ntate, nalipa mara mbili!"

Mzee hakuzigusa. "Huyu jike ndiye ada ya shule ya watoto wangu. Mgongo wake ukiumia leo, atakaa bila kazi wiki nyingi. Utanilipa wiki zote hizo?"

Kimya.

Hesabu yake si ya ushirikina. Wanaojua farasi wana kipimo cha zamani: mzigo wote, yaani wewe, nguo zako na tandiko, usizidi moja ya tano ya uzito wa mnyama. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walichapisha matokeo ya farasi 8 waliobebeshwa asilimia 15, 20, 25 na 30 ya uzito wao. Kwenye 15 na 20 mambo shwari. Ilipofika 25 mapigo ya moyo yakapanda na misuli ikaanza kuuma, na 30 ikawa balaa. Tena hao hawakuwa wanapanda majabali ya Semonkong.

Chukua farasi wa kilo 350. Moja ya tano yake ni 70. Toa tandiko la kilo 10, imebaki 60 ya mtu. Kwa hiyo hata mimi mwembamba nilikuwa nimevuka kidogo, asilimia 22 na ushee. Bonge letu na tandiko? Karibu 34! Mzee alinikubalia kwa masharti: mwendo wa kutembea tu, hakuna mbio za kujionyesha kwa akina dada, na kila mteremko mkali nishuke nimkokote mnyama. Alinipandishia juu ya jiwe, maana ukijivuta kutoka chini kwa kikuku kimoja unaunyonga mgongo wa farasi kabla hata safari haijaanza.

Na uzito si kilo peke yake. Kilo 65 za mtu aliyekaa wima ni nyepesi kuliko kilo 55 za mtu anayerukaruka kama gunia la viazi kwenye gari bovu. Mwenzetu mwingine, mrefu kama mlingoti lakini hana nyama, alikubaliwa kilo zake, ila mzee hakumpa jike dogo. Alimchagulia dume pana zaidi, mwenye kiuno kifupi na mifupa minene chini ya goti, kwa kuwa mtu mrefu akiyumba kule juu anamyumbisha na farasi. Penye korongo, mkianguka, mnaanguka wote wawili.

Nimeshaona kwingine, sipataji, mwenye farasi anapandisha yeyote mwenye fedha, hata baba na mtoto tandiko moja. Ule siuiti utalii.

Bonge alitembea. Alinuna kilomita ya kwanza, ya pili akawa anaongea na wachunga kondoo. Alifika ukingoni nusu saa baada yetu, jasho likimtoka, akasimama kutazama yale maji bila kusema neno.

Tuliporudi, mzee alivua matandiko. Aliangalia jasho mgongoni: limeenea sawasawa, hakuna kiraka kikavu, maana pakavu ndipo tandiko limebana. Kisha akapitisha vidole polepole pande zote mbili za uti wa mgongo wa yule jike wangu. Karibu na kiuno, ngozi ikatetemeka kidogo. Akarudia. Ikatetemeka tena.

"Kesho huyu anapumzika," akasema. "Ntate, kesho na wewe utatembea."