Kabla ya kufunga loki, ulizeni nani atashika usukani

Ilikuwa saa moja kasoro asubuhi, mwezi Januari, mama alipousukuma mlango wa nyumbani akiwa na theluji mpaka magotini. Alikuwa ametoka zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Gari lao, Toyota 4Runner la zamani, alikuwa ameliacha kwenye kona, mwendo wa dakika 20 kwa miguu, gurudumu moja la nyuma likiwa mtaroni. Vidole vilikuwa vimeingia ganzi hata hakuweza kufungua zipu ya koti.

Mumewe alimvua buti, akamfunika blanketi miguuni, akasema, "Mama watoto, mwezi huu hauishi kabla gari hili halijawekewa loki."

Familia hii inaishi Leadville, mji mdogo wa milimani katika jimbo la Colorado, Marekani, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, huo ni urefu wa mahali fulani kati ya vibanda vya Mandara na Horombo. Ila huku watoto wanakwenda shule na wazazi wanakwenda kazini, theluji iwepo isiwepo.

Neno loki halikuwa geni kwa baba. Kabla ya kuhama alikuwa dereva wa watalii Arusha, na miaka mingi alipita Ngorongoro na Serengeti kwa Land Cruiser. Masika udongo mweusi ukigeuka uji, ulikuwa unabonyeza kitufe, loki inaingia, gari linatoka. Aliamini jambo lililomtoa kwenye tope litamtoa kwenye theluji.

Kwa mzazi ambaye hajawahi kulala chini ya gari, jambo lenyewe ni hili. Katikati ya ekseli kuna difu. Kazi yake ni kuruhusu gurudumu la kulia na la kushoto yazunguke kwa kasi tofauti gari linapokata kona, kwa sababu la nje husafiri umbali mrefu kuliko la ndani. Bila difu, gari lingeburuta tairi kila kona. Lakini difu ya kawaida ina udhaifu: gurudumu moja likiwa kwenye barafu na jingine kwenye ardhi kavu, lile la kwenye barafu huzunguka bure na lenye mshiko husimama tu. Ndivyo mama alivyokwama. Loki huyafunga magurudumu mawili ya ekseli yazunguke pamoja, ili lenye mshiko lisukume.

Jioni ile baba alitafuta kwenye simu, akaona loki ziko za aina nyingi. Iliyomvutia ni ya kujiendesha yenyewe. Ni rahisi kuliko nyingine, haina nyaya wala mipira ya hewa, na dereva habonyezi chochote: ukikanyaga mafuta inafunga, ukikata kona bila kukanyaga inaachia. "Hii ndiyo inayotufaa," alimwambia mkewe. "Hata ukisahau, yenyewe haisahau."

Mama alimuuliza swali moja tu. "Na mtoto naye ataiendesha?"

Binti yao mkubwa alikuwa na miaka 15 na leseni ya kujifunzia. Sheria ya Colorado inamtaka kijana akae na leseni hiyo miezi 12 na atimize saa 50 za kuendesha, 10 kati ya hizo ziwe za usiku, kabla ya kupewa ya kuendesha peke yake. Karatasi ya kuandikia saa hizo ilibandikwa kwenye mlango wa friji. Baba alijibu kwamba mtoto atazoea.

Jumamosi iliyofuata alichukua pikapu ya mfanyakazi mwenzake, yenye loki ya namna hiyo nyuma, aijaribu kwenye barabara ya kona yao. Binti alikaa pembeni. Walipanda vizuri. Walipofika juu, barabara ililala kidogo upande wa mtaro na chini ya theluji kulikuwa na barafu. Baba alikanyaga mafuta kidogo tu. Mkia wa gari ulianza kwenda pembeni, taratibu, kama sahani inayoteleza kwenye meza iliyoinama, mpaka tairi za nyuma zikaingia mtaroni. Hawakuumia, na pikapu haikupata hata mkwaruzo.

Ilikuwa hivi. Difu ya kawaida inapoteleza, gurudumu moja huzunguka bure, na lile jingine, ingawa halisukumi, linashikilia gari lisiende pembeni. Loki ikiyafunga yote mawili na yote yakateleza, hakuna linalobaki kulishikilia, na gari hufuata mteremko. Kwenye kona yenye barafu loki ya kujiendesha inaweza kufunga ghafla mara dereva anapokanyaga mafuta, na mkia ukamtangulia. Mzoefu hulihisi mapema akaachia mafuta. Kijana wa miaka 15 anaweza kushtuka akakanyaga breki.

Wakiwa wamekaa mle ndani wakingoja msaada, binti aliuliza, "Baba, kule Serengeti ulikuwa unaacha loki muda wote?"

Baba alinyamaza. Hakuwahi kuiacha. Aliweka loki kabla ya kuingia kwenye tope, akavuka, akaitoa. Kwenye barabara iliyoinuka katikati, mvua ikinyesha, hakuigusa kabisa, maana aliwahi kuona magari ya wenzake yakishuka kando namna hiyohiyo. Aliyajua yote hayo. Ila ile asubuhi ya mkewe kuingia na vidole vya ganzi, alichotaka ni kitu kitakachomlinda yeye asipokuwepo.

Jumatatu alikwenda kwa fundi. Fundi naye alianza na swali la mama: nani anaendesha, na wapi? Baba alimweleza. Sehemu kubwa ya safari ni lami yenye barafu, na mahali pabaya ni kilomita chache za mwisho. Waendeshaji ni watatu, mmoja anajifunza.

Fundi alimwonyesha njia mbili. Ya kwanza ni difu ya kupunguza utelezi, ambayo ndani ina gia za kugawa nguvu kwa upole. Haina kitufe, haishtui usukani, na kwenye lami yenye barafu ina adabu. Kasoro yake ni kwamba gurudumu likining'inia hewani kabisa, msaada wake ni mdogo. Ya pili ni loki ya kitufe, ya umeme au ya hewa. Ikizimwa, gari linabaki na difu ya kawaida. Ikiwashwa, ekseli imefungwa kabisa. Ya hewa huhitaji pampu na mipira, ambayo ni vitu vya kukaguliwa. Ya umeme huhitaji nyaya tu.

Kuhusu ekseli ya mbele, fundi alimshauri aiache. Loki ya mbele hufanya usukani uwe mzito na gari ligome kukata kona. Kwenye theluji, gari lisilokata kona ni hatari kuliko lililokwama.

Kisha akamwinamisha aone tairi, ambazo meno yake yalikuwa yamekwisha nusu. Kwenye barabara kuu ya I-70, kati ya Morrison na Dotsero, sheria ya Colorado kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31 inataka hata gari linalosukuma magurudumu yote liwe na meno yasiyopungua inchi 3/16, karibu milimita 5. Na loki, hata ya bei gani, haisaidii gari kusimama. Kusimama ni tairi. Tairi za baridi zina mpira unaobaki laini kwenye ubaridi mkali, na ubavuni zina alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake.

Fedha haikutosha kwa vyote. Walinunua kwanza tairi nne za baridi. Loki ya umeme ya nyuma ilingoja hadi Novemba.

Kuanzia hapo, mafunzo ya binti yalikuwa kwenye uwanja mtupu wa kuegesha magari. Baba alimfundisha kuweka loki gari likiwa limesimama, kabla ya kukwama, si wakati gurudumu linazunguka kwa kasi. Kwenda taratibu, usukani umenyooka. Kuitoa mara tu baada ya kuvuka. Kutoigusa kwenye barabara kuu, kwenye kona wala kwenye mteremko wa pembeni. Na akikwama kabisa, abaki ndani ya gari, lakini asiwashe injini kabla ya kufukua theluji kwenye bomba la moshi, kwa sababu moshi ukizibwa unaweza kuingia ndani na kuua watu wakiwa wamesinzia.

Desemba, binti alikwenda na baba yake kumchukua mama kazini alfajiri, giza bado limetanda. Baba alihamia kiti cha nyuma akasinzia. Walipofika kwenye kona, upepo ulikuwa umerundika theluji barabarani. Binti alisimamisha gari. Alishuka na tochi, akapima rundo kwa mguu, akatazama upande wa mtaro, akarudi. Mama hakusema neno. Binti aliweka gia nzito, akabonyeza kitufe, akangoja taa ndogo ya kwenye dashibodi iwake, akavuka kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Upande wa pili alibonyeza tena, taa ikazimika. Nyumbani mama alichukua kalamu kabla ya kuvua koti, akaandika kwenye karatasi ya friji: usiku, dakika 40.