Nanaa Wakati wa Baridi

Katika nyumba nyingi za ndugu zetu Waswahili waliohamia Uingereza haikosekani nanaa, ama katika chungu mlangoni, ama katika tuta dogo nyuma ya nyumba. Majani yake hutiwa katika chai, na harufu yake huwakumbusha wazee kwao. Lakini kila ufikapo mwezi wa Disemba twaona jambo la kusikitisha: nanaa hung'olewa ikatupwa jaani kwa kudhaniwa kuwa imekufa.

Haikufa. Baridi kali hukausha majani na vijiti vya juu tu. Mizizi yake itambaayo chini ya udongo huwa hai, imelala, ikingojea joto la mwezi wa Machi. Kwa hiyo kazi ya kuitunza si kubwa. Vijiti vilivyokauka na vikatwe, visazwe kiasi cha sentimita 3 au 5 juu ya ardhi, kisha udongo ufunikwe kwa majani makavu. Iliyo chunguni yataka hadhari zaidi, kwani huko baridi huingia kwa kila upande: chungu na kisogezwe ukutani, kizungushiwe gunia, kiinuliwe juu ya matofali ili maji yapate kutoka. Atakaye majani ya chai katika miezi hiyo, na achimbe kipande cha mzizi mwezi wa Oktoba, akipande katika chungu kidogo, akiweke jikoni penye dirisha lenye mwanga.

Mikono miwili ndiyo iiuayo nanaa wakati wa baridi. Wa kwanza ni mkono ung'oao upesi. Wa pili ni mkono wa huruma isiyo na elimu, umwagao maji kila siku ukitumai kuyarudisha majani. Na mizizi iliyolala ikikaa majini huoza.

Nasi tufundishao watoto chuoni twaiona mikono hiyo katika malezi. Kijana hufika umri akanyamaza, akaacha darasa, sala zake zikawa za kusukumwa. Mzazi mmoja husema, "Huyu amekwisha haribika," akamkatia tamaa. Mwingine humwandama kwa mawaidha asubuhi na jioni hata moyo ukachoka. Lakini ile Fatiha aliyofundishwa na mama yake utotoni ingali imo ndani. Ahitajilo ni kifuniko: mlango ulio wazi, chakula cha pamoja, salamu isiyo na lawama, dua ya usiku, na maneno machache kwa wakati wake. Hatusemi uovu unyamaziwe; vijiti vikavu hukatwa. Twasema mzizi usiguswe.

Mara nyingi Kurani imetutaka tuizingatie ardhi iliyokufa inavyohuishwa na Mola wake. Basi enyi vijana, mkikiona chungu kikavu nyumbani, msikitupe. Kisogezeni ukutani, mkisubiri mpaka Machi, na mwenzenu aliyeacha darasa nendeni mkamsalimu.

Wabillahi tawfiki.