Greenwich: Picha ya Nahodha Asiyerudi

Jina la Greenwich huenda ulilisikia shuleni katika somo la jiografia, kwa kuwa hapo ndipo unapopita mstari wa longitudo sifuri. Leo nataka twende huko kwa jambo jingine: kutazama picha moja tu.

Greenwich ipo kando ya mto Thames, mashariki ya London. Ukishuka kutoka kilimani penye nyumba ya kutazamia nyota, unaona majumba makubwa ya mawe. Yalijengwa yawe makao ya mabaharia wa serikali waliozeeka au kuumia kazini. Wazee hao waliondoka mwaka wa 1869. Karibu na hapo ipo Makumbusho ya Taifa ya Bahari, ambayo ndiyo inayoitunza picha yetu.

Aliyeichora ni Nathaniel Dance, mwaka wa 1776. Haya, tazama. Mtu wa makamo ameketi. Amevaa koti la buluu la unahodha na kizibao cheupe chenye utepe wa dhahabu. Mbele yake imetandazwa ramani aliyoitengeneza mwenyewe, na kidole chake kinaonyesha pwani ya mashariki ya Australia. Hakutazami wewe. Macho yake yako pembeni, kama mtu aliyekwisha kuitwa mlangoni.

Huyo ni James Cook. Baba yake alikuwa kibarua wa shamba huko Yorkshire, na yeye mwenyewe alianzia katika merikebu za kuchukua makaa ya mawe. Mwaka wa 1755 akaingia katika manowari za mfalme, baharia wa kawaida tu. Kwa bidii ya kujifunza hesabu na kupima pwani akapanda hata akawa nahodha, akaizunguka dunia mara mbili.

Lakini usidhani kwamba nchi ile iliyo chini ya kidole chake ilikuwa tupu. Ilikuwa na wenyewe. Mwaka wa 1770 Cook aliwapiga risasi watu waliomzuia kushuka pwani, kisha akatangaza kwamba pwani yote ile ni ya Mfalme George wa Tatu. Wenyewe hawakuulizwa. Hayo huyaoni katika picha.

Sasa sikiliza ajabu ya mahali hapa. Mwaka wa 1775, aliporudi kutoka safari ya pili, Cook alipewa cheo katika makao yaleyale ya Greenwich, pamoja na vyumba na mshahara, apate kupumzika. Akakubali, kwa sharti kwamba akihitajiwa baharini aruhusiwe kwenda. Mwaka haukuisha, akajitolea kwa safari ya tatu. Aliketi mbele ya mchoraji mwezi wa Mei 1776, na mwezi huohuo mkewe Elizabeth alijifungua mtoto wao wa sita, Hugh. Julai nahodha akatweka tanga.

Hakurudi. Tarehe 14 Februari 1779 aliuawa huko Hawaii, alipojaribu kumshika mfalme wa kisiwa ili arudishiwe mashua iliyoibwa. Habari ilifika London Januari 1780. Elizabeth alikuwa akimshonea kizibao cha kitambaa cha magome kutoka Tahiti, mithili ya lubugo ya Waganda. Hakukimaliza, mpaka leo kimehifadhiwa Sydney. Alikaa mjane miaka 56, na watoto wake wote sita walimtangulia kufa.

Hata picha ile haikuwa yake. Aliyeiagiza ni Joseph Banks, tajiri aliyesafiri na Cook safari ya kwanza, naye akaitundika nyumbani kwake London. Banks alipokwisha kufa, ikapewa makao ya Greenwich. Basi mtu mwenyewe hakurudi kukaa katika vyumba alivyopewa. Iliyokuja kukaa ni picha yake.

Ukibahatika kufika, itazame vizuri ile ramani na kile kidole. Kisha wakumbuke na wasiochorwa: wenye nchi ile, na mama aliyebaki nyumbani na kichanga.