Nyumbu Anabeba Kilo Ngapi?

Agosti ya mwaka jana niliandika barua pepe kwa mtu nisiyemjua, mwenye farasi na nyumbu katika jimbo la Montana, nikamuuliza maswali tisa. La kwanza lilikuwa hili: nyumbu wako mmoja anabeba kilo ngapi?

Nyumbu ninaowasema si wale wa Serengeti. Kiswahili kimewapa jina moja wanyama wawili wasiojuana, na jambo hilo lilinigharimu dakika kumi za simu nilipomweleza Baba. "Wamarekani wamefuga nyumbu?" aliuliza, na nikasikia anawageukia watu wengine sebuleni kuwapa habari. Ilibidi nianze upya: baba yake punda, mama yake farasi, hazai, ana nguvu na ana kichwa kigumu. Baba akasema, "Ahaa, huyo namjua. Huyo ni mpagazi."

Baba alikuwa mpagazi wa Mlima Kilimanjaro kwa miaka ishirini na miwili. Nyumba yetu Machame ina ngazi tatu za mbele, naye huzishuka kinyumenyume, ameshika ukuta, kwa sababu ya magoti. Nilipojaza fomu ya kuomba ufadhili wa masomo, palipoulizwa kazi ya mzazi niliandika "mfanyakazi wa sekta ya utalii". Si uongo. Lakini niliandika haraka, kama mtu anayefunga mlango wa chumba ambacho hakijafagiwa.

Nyumbu walinihusu hivi. Mwenzangu wa maabara, mzaliwa wa Montana, alitaka kwenda kuwinda elki ndani kabisa ya milima bila kuajiri mwongozaji. Elki ni ayala, yule wa kwenye Zaburi, ila mkubwa: dume linaweza kuzidi kilo 300. Mwenzangu alikuwa na leseni, bunduki ya babu yake na hema. Alichokosa ni namna ya kutoa nyama huko. Elki hauawi karibu na barabara, au tuseme akiuawa karibu na barabara hakuna hadithi. Eneo alilolitaka ni Bob Marshall, zaidi ya ekari milioni moja za misitu na miamba ambazo, chini ya sheria ya nyika ya mwaka 1964, haziruhusiwi kuingia gari, pikipiki, baiskeli wala toroli. Kwa kawaida gurudumu ni marufuku. Kinachoingia ni miguu, ya mtu au ya mnyama.

Mimi sikuwa na leseni na sikutaka kuua kitu. Nasoma usimamizi wa wanyamapori, na nilitaka kuona kitu ambacho kwetu ni kigumu kukifikiria: mwanafunzi asiye na hela anaingia porini kihalali na kurudi na nyama ya msimu mzima. Kwetu mtu wa kijijini akikutwa na paja la swala bila kibali, anaitwa jangili kabla hajafungua mdomo. Basi nikasema nitapika, na nitapanga usafiri. Kupanga usafiri nilikujua. Kabla ya kuja huku nilifanya kazi mwaka mzima katika ofisi ya kampuni ya kupandisha wageni mlimani, mjini Moshi, nikijibu barua pepe za Wazungu wanaouliza kama wanaweza kuleta kamera mbili. Sasa muulizaji nilikuwa mimi.

Tulikuwa tumechelewa. Wenye wanyama wengi walijibu kwa neno moja, kwamba wamejaa. Mmoja alikuwa na nafasi na bei yake ilikuwa nusu ya wengine. Mwenzangu akafurahi. Nikauliza namba ya leseni, maana Montana mtu hawezi kukubebea mizigo ya kuwinda kwa malipo bila leseni ya jimbo, na ukimlipa asiye nayo unaweza kujikuta na nyama iliyotaifishwa na kesi juu yake. Mtu yule hakujibu tena. Kuna jamaa mwingine aliyekuwa tayari kutukodishia farasi tu, tujiongoze wenyewe. Mwenzangu alipanda farasi mara ya mwisho akiwa na miaka kumi, mimi sijawahi. Nikakataa bila kura.

Aliyejibu maswali yote tisa alikuwa mzee mwenye nyumbu kumi na mmoja. Alijibu kwa mpangilio, kwa herufi kubwa kuanzia mwanzo hadi mwisho kana kwamba yuko ng'ambo ya mto. Angetuingiza na kutuacha. Angekuja kutuchukua siku ya nane, au mapema zaidi tukimwita kwa kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, kwa sababu huko simu haishiki. Nyama ikipatikana siku ya joto, tumwite saa ileile. Nyasi za wanyama ataleta zenye cheti kwamba hazina mbegu za magugu, ndiyo sheria ya misitu ya serikali. Malipo yanahesabiwa kwa idadi ya wanyama na siku, na wale wa kurudi lazima tuwalipie mapema, tuue tusiue. Hapo mwenzangu alinuna. Mimi nilielewa. Mnyama aliyetengewa safari yako hawezi kutengewa ya mwingine. Jumla ilizidi kodi yangu ya mwezi, hata baada ya kuigawa mara mbili.

Kuhusu swali la kwanza aliandika hivi, nafupisha: mnyama asibebe zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wake. Nyumbu wake wana kilo 400 hivi, kwa hiyo wangeweza 80, lakini yeye haendi juu ya 70, kwa sababu njia inapanda na kwa sababu anataka wafanye kazi hadi uzeeni. Uzito ugawanywe sawa kulia na kushoto. Tofauti ya kilo mbili tu, akasema, na kabla ya kilomita ya tano tandiko limeshahama na mgongo umeshachubuka.

Nilisoma jibu hilo mara mbili, kisha nikafanya hesabu ambayo hakuna aliyeniomba. Baba alikuwa na kilo 58 alipokuwa na nguvu zake. Sehemu ya tano ni kilo 11 na kitu.

Kanuni ya Kilimanjaro inasema kilo 20. Mzigo unapimwa getini, na geti la Machame nimekaa sana nikiwa mtoto. Mizani ile niliiona kama kitu cha haki. Baadaye, nikiwa mkubwa, ndipo Baba alinieleza kuhusu kampuni moja aliyokuwa akibebea: mizigo inapimwa ikiwa 20, karatasi zinagongwa mhuri, halafu mbele kidogo, kwenye kona ya kwanza ambapo geti halionekani, ndoo ya mayai inaongezwa juu, au mtungi wa gesi, kwa sababu watu waliolipiwa kwenye karatasi ni kumi na wanne na waliopo njiani ni kumi na mmoja. Hapo mfuko wake mwenyewe wa nguo haujahesabiwa. Alinieleza bila hasira, kama mtu anayeelezea mvua.

Kazi yenyewe ina umri. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara katika karne ya kumi na tisa ilibebwa na watu, frasila mbili kila mmoja au karibu yake, zaidi ya kilo 30. Wazungu walijaribu punda, wakajaribu na farasi, na mbung'o wakawamaliza. Shingo ya Mnyamwezi ilibeba pembe kwa sababu mnyama wa kubeba hakuweza kuishi njiani. Historia hii niliifundishwa sekondari kama sura ya biashara. Sikumbuki mwalimu akizungumzia magoti.

Tuliingia mwishoni mwa Oktoba, kilomita 14 kutoka mwisho wa barabara. Kabla ya kuondoka mzee alitundika kila kifurushi kwenye mizani ndogo ya kulabu, akasoma, akatoa mfuko wa viazi huku akauweka kule, akapima tena. Vitu vyetu alivizungushia turubai na kamba mpaka vikawa kama maboksi mawili yanayolingana, akayaning'iniza kila upande wa tandiko. Upande mmoja uliogoma kulingana aliuongezea jiwe. Nilicheka. Hakucheka. Saa nzima ilikwenda hivyo, mwenzangu akitazama saa yake, mimi nikitazama ile mizani.

Siku tatu za kwanza sitazisimulia. Tulitembea, tulinusa, hatukuona kitu. Jioni ya nne, nikiwa kambini nachemsha dengu, nilisikia mlio mmoja. Nilimfuata mwenzangu kwa tochi ya kichwani, nikamkuta amepiga magoti kando ya dume, mikono inamtetemeka. Tulifanya kazi hadi saa nane usiku: kuchuna, kukata miguu minne, kutoa nyama kwenye mifupa, kuiweka kwenye mifuko ya kitambaa ipumue. Jimbo linakataza kuacha nyama inayolika ioze porini, na hata lisingekataza, ukiwa umeshika paja la moto lenye uzito wa mtoto wa shule hufikirii kuliacha. Tuliitundika juu ya mti mbali na hema, zaidi ya meta tatu kutoka ardhini, kwa sababu ya dubu. Kisha nikabonyeza ujumbe kwa mzee: DUME. KILO 90 BILA MIFUPA. NJOO. Na mimi niliandika kwa herufi kubwa.

Asubuhi jua lilitoka kali kuliko tulivyotaka. Siku nzima tulikuwa tukihamisha mifuko kufuata kivuli, kama bibi anayeanika mahindi, ila kinyume chake. Mzee alifika kesho yake saa nne asubuhi, na nyumbu watatu tuliowalipia. Wa tatu alikuwa anachechemea. Kiatu kilikuwa kimeng'oka njiani na kwato imepasuka ukingoni.

Mwenzangu alitazama mizigo, akamtazama nyumbu. "Ni kilomita 14 tu," akasema, "na karibu zote ni mteremko." Nilijua sauti ile. Niliwahi kuandika kwa sauti ile, ofisini Moshi, kumjibu kiongozi wa msafara aliyetaka mtu wa ziada: ni siku moja tu imebaki, jigawieni. Sijawahi kumwambia Baba kwamba niliandika hivyo.

Mzee hakubishana. Alimvua nyumbu yule tandiko, akalifunga juu ya mzigo wa mwenzake baada ya kupunguza vitu vingine vya uzito huohuo. Farasi wake wa kupanda akamfanya wa mizigo, maana yake yeye angetembea, na ana miaka zaidi ya sitini. Alipima, akafunga, akapima. Mwishoni palibaki nyama chini, na kichwa chenye pembe.

"Hii haipandi," akasema.

"Ni kilo ngapi?" nikauliza.

Akaitundika. Ishirini na nane.

Mwenzangu alipendekeza tuiongeze kidogo kidogo kila upande, ili uwiano usiharibike. Mzee akasema pembe zitabebwa na mwenye pembe, na nyama hiyo ama tuibebe, ama tuisubirie hapa siku mbili apeleke hawa na kurudi, na siku mbili hizo hali ya hewa hakuiahidi. Basi tukagawana. Kilo 14 mimi, 14 yeye na kichwa juu. Nilimwomba mzee apime wangu mara ya pili. Alipima bila kuniuliza kwa nini.

Kilo 14 kwa kilomita ya kwanza si kitu. Kwa kilomita ya sita mikanda imeshaingia nyama ya bega. Kwenye mteremko wa mwisho magoti yangu yalianza kusema, na nikajikuta, bila kupanga, nimegeuka na kushuka hatua chache kinyumenyume nikishika matawi. Mwenzangu alidhani nimedondosha kitu. Nyumbu anayechechemea alipita pembeni yangu, mtupu, akinusanusa nyasi kana kwamba amekuja matembezini.

Nilimpigia Baba Jumapili. Alitaka kujua kila kitu kuhusu mafundo: kamba ya aina gani, inapita wapi, jiwe liliwekwa upande upi. Nikamweleza na habari ya kiatu.

"Na wewe ulibeba ngapi?"

"Kumi na nne."

"Zilipimwa?"

"Mara mbili, Baba."

Nikamwambia basi na lile la ofisini, la "jigawieni". Lilitoka vibaya, katikati ya sentensi nyingine. Alikaa kimya muda ambao simu za nje hufanya uonekane mrefu zaidi. Kisha akauliza, "Yule mwenye kwato mbovu, siku ile alikula?"

"Alikula kama wenzake. Mzee alimleta nyasi zake kutoka nyumbani."

"Kwetu ukirudishwa unaumwa, siku haihesabiwi," akasema. Nyuma yake nilimsikia Mama akimwita mezani. Akaniuliza nyama ile nimeipikaje. Nikasema nimepika machalari, kwa ndizi za dukani ambazo si za kupika, ni zile tamu tu nilizozinunua bado mbichi. Akasema nimeiharibu nyama, na akataka kujua nimebakiza kilo ngapi.